Boksi la Tensheni

...elfu tisini na sita, anaitamka kama mtu anayehesabu meno ya mwenzake, tisini, na, sita, kiganja amekinyosha mbele ya tumbo langu kana kwamba mimi ni dirisha la kulipia, na mimi nimeinama ndani ya boneti ya gari lake natafuta cha kumjibu, tochi ya simu mkononi, "Shemeji, usinipe mgongo, nakuongelesha," anasema, nami nasema, "Sikupi mgongo, nakupa masikio, macho yana kazi," na mchomeaji wa banda la pili anacheka nyuma ya miwani yake myeusi, huyo naye, tangu gari hili livutwe kwa kamba mpaka hapa hajachomea hata msumari, moto wake kauzima ili asikie vizuri, wacha asikie, mimi sina la kuficha, tangu nishike spana sijawahi kuwa na la kuficha, elfu tisini na sita nilizipokea ndiyo, mkononi, noti kwa noti, miezi miwili iliyopita, na kazi niliifanya, tensheni mpya, mkanda mpya, na ufundi, na huo ufundi nilimpunguzia kwa sababu amemuoa dada yangu, sasa leo ananiambia nilimwekea chuma kikuukuu, mimi, mbele ya watu, si angeniita pembeni, mtu mzima huitwa pembeni, uso umeumbwa na haya, lakini yeye kaja na kamba ya kuvutia na sauti ya mnada, "Elfu tisini na sita kwa takataka! Fundi aliyenivuta kafungua tu boneti akaniambia, mzee, hii tensheni ina umri mkubwa kuliko gari," na mchomeaji anadakia, "Fundi Ushahidi leo kaishiwa ushahidi!" na wanaosubiri breki zao kwenye benchi wanacheka, wateja wangu mwenyewe, wamekaa kwenye benchi langu mwenyewe, na hilo jina sikujipa, walinipa wao, Fundi Ushahidi, kwa sababu mimi sifungi kifaa kipya nikala kile cha zamani, sina mchezo huo, kila nikitoa kifaa kilichokufa namrudishia mwenye gari, nakifuta oili, nakitia ndani ya boksi lilelile la kile kipya, nalifunga kwa uzi, naliweka kwenye buti, nasema, huu ushahidi, maiti yako hii, nenda nayo, ukitaka uiweke ukutani, ukitaka uizike, na watu wanapenda, wanaondoka wanatabasamu, miaka kumi na tisa nafanya hivyo na hakuna mtu, hakuna hata mmoja, aliyewahi kusimama hapa akanitaja pamoja na neno wizi, na shemeji hajalisema bado, analizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, lakini linakuja, nalisikia linakuja, na likija, wallahi likija hii spana namba kumi na nne...

hapana, tulia, mama alikuwa anasema hasira zako zitakulaza njaa, tulia, angalia kazi, kazi haidanganyi, hiki hapa ndicho kilichokufa, puli imeganda, naizungusha kwa kidole haiendi, beringi imesagika ikawa unga mwekundu, mkono wake umelegea kama taya la maiti, springi haina nguvu, na ukishafika hapo yaliyobaki unayajua hata kama hukusoma, na mimi sikusoma, tensheni ndiyo inayokaza mkanda, kagurudumu kasikozidi ngumi, kakiganda mkanda unaungua na kuruka, mkanda ukiruka pampu ya maji inasimama, maji yakisimama injini inachemka, na mwenye akili anazima gari pembeni ya barabara, anashuka, anakaa chini ya mti, anangoja, lakini huyu hakuzima, nimefungua kifuniko cha oili nikakuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, hedi imepasuka, injini imekwisha, hakuna cha kuokoa hapa isipokuwa betri na taa, na nilipomwambia hivyo dakika kumi zilizopita, nikamuuliza kwa ukali, "Mshale wa joto hukuuona?" aliinamisha sauti, ndiyo mara pekee leo, akasema, "Niliuona, shemeji, niliuona unapanda, na dada yako alikuwa nyuma anapumua kama anapanda ngazi, ulitaka nizime nimwambie ashuke atembee? Nikakanyaga mafuta. Tulifika. Gari lilifia getini jana, tumekesha hapo mpaka leo, lakini tulifika," na ningekanyaga hata mimi, ningekanyaga mpaka chuma kiyeyuke, lakini sikumwambia, badala yake nilisema, "Gari si punda," maneno ya kipumbavu, watu wa benchi wakacheka, yeye hakucheka...

na dada yupo pale, simwangalii lakini yupo, kwenye kiti cha nyuma, mlango wameuacha wazi apate hewa, miguu ameitoa nje ndani ya viatu vya mume wake kwa sababu vyake havimwingii tena siku za kuvimba, na siku hizi hata siku moja baada ya mashine huvimba, kama Jumanne ya leo, kesho ndiyo zamu yake, Jumatatu na Jumatano na Ijumaa anakwenda kusafishwa damu, saa nne nzima kwenye mashine, na asipokwenda maji yanampanda, kwanza miguu, halafu uso, halafu kifua, nayajua maji yanavyopanda kwenye kitu kisicho na pampu, sitaki kulifikiria hilo, na ule mkono wake wa kushoto wenye mshipa waliouunganisha kwa ajili ya mashine, alikiweka kidole gumba changu pale siku ya kwanza, akasema, "Sikia kaka, wameniwekea injini," na kweli unavuma, unatetemeka chini ya ngozi kama beringi inayoanza kuchoka, nikautoa mkono haraka nikasema inatosha, mimi ambaye naweka kiganja juu ya injini yoyote nikakwambia silinda ipi haichomi, ule mshipa ulinishinda, "...kesho atakwenda na nini? Na mgongo wako?" anasema shemeji, na hilo nalo ni swali, teksi kwenda na kurudi elfu sita, kwa hiyo hizo anazodai ni safari kumi na sita, wiki tano na siku moja, anazidai kwa hilo, si kwa ubahili, najua, ameuza kiwanja, ameuza kochi, amebaki na hili gari na sasa hili gari nalo, lakini mimi nifanye nini, mimi sikuliua gari, mimi nilimfungia kifaa kipya cha boksi, nakumbuka harufu yake, nakumbuka rangi ya puli, nyeusi inayong'aa kama kiatu cha mwanafunzi siku ya kwanza, na hii iliyo mbele yangu ni kijivu, imechubuka, kijivu, kwa nini ni kijivu, miezi miwili haifanyi puli nyeusi kuwa kijivu, tochi, leta tochi karibu, futa, kitambaa kiko wapi, futa kwa shati basi, futa...

pale... mikwaruzo miwili iliyokatana, juu ya uso wa puli, mmoja mrefu mmoja mfupi, ni mkono wangu, ule mfupi umepinda kwa sababu bisibisi iliteleza, mimi huwa nakwaruza hivyo kila kifaa kilichokufa kabla sijakitia kwenye boksi, sijamwambia mtu, si siri, ni mazoea tu, kama mtu anavyofumba macho ya maiti, na huu ni mkwaruzo wangu, hii ni ile tensheni kuukuu niliyoitoa mwenyewe kwenye gari hilihili, maiti niliyoitia kwenye boksi nikaifunga uzi nikaiweka kwenye buti, imefufuka imerudi mahali pake, na ile mpya haipo, sikiliza, ni furaha hii, naona aibu kuisema lakini ni furaha, niko safi! mtu kaibadilisha! na bolti, angalia bolti, kingo zimelika, hii si spana yangu ya ringi namba kumi na nne, hii ni ile spana ya mdomo unaopanuka, spana ya mafundi wa barabarani, mtu kaja kwenye kazi yangu na mdomo wa mamba akatafuna bolti zangu, nimejiinua haraka kichwa kikagonga boneti, sikusikia maumivu, nikasema kwa sauti benchi zima lisikie, "Nani mwingine ameligusa gari hili?" na shemeji, "Anaanza sasa," nikasema, "Nakuuliza swali la kiume, nijibu la kiume, nani mwingine amefungua boneti hii?" "Hakuna! Gari langu halishikwi ovyo, wewe unajua, hata kioo nafuta mwenyewe," "Boksi liko wapi? Nilikupa boksi," "Boksi gani?" "La ushahidi! Lenye uzi!" na anakwenda nyuma, anafungua buti, anarusha nje tairi ya akiba, jeki, ndoo, kanga ya dada, sandarusi, "Njoo uone boksi lako, njoo, labda limefichwa na panya," hakuna boksi, na mimi nimekwisha fungua mdomo, nimekwisha vuta pumzi, nimuonyeshe mkwaruzo, niwaite watu wote wa benchi na huyu mchomeaji avue miwani aje aone, hii hapa alama yangu, mtu kawaibia huko njiani, mtu kachukua mpya kaweka ya kale, nani, lini, na wakati huohuo, pumzi ikiwa imejaa kifuani, dada amesema kitu, si kwangu, ni kwa mumewe, amesema chini kwa chini akiangalia viatu vya mume wake, "Baba, panga vitu, usitupe," basi, hayo tu, lakini ni ile sauti, na sauti ile nimeisikia wapi ikizungumzia buti...

simu, ilikuwa kwenye simu, wiki mbili zilizopita au siku kumi na mbili, nilikuwa nimelala chini ya lori la mchanga, oili inanidondokea jichoni, simu nimeibana kwa bega, ananiambia, "Kaka, leo umetuokoa," nikasema haya, haya, akasema mvua ilikuwa kubwa, walipita kwenye dimbwi, mkanda ukaanza kulia kama paka, jirani aliyekuwa anamwendesha siku hiyo kwa sababu shemeji alikwenda mazishini kwao akaogopa akasimama kwa fundi wa kando ya barabara, na fundi akafungua akasema mama hii tensheni imekufa, mpya elfu themanini, "nikamwambia hunidanganyi, mimi nimekua na fundi, ipo nyingine kwenye buti, kaka yangu alituwekea akiba kwenye boksi lake, nikamtolea, akaifunga, kachukua elfu tano tu ya ufundi, kaka, elfu tano! Ile mbovu nikamwambia atupe," na mimi chini ya lori, jicho linawaka oili, nilisema nini, nilisema, "Vizuri, vizuri, umefanya vizuri," na yeye akacheka, akasema, "Shemeji yako usimwambie, atanuna kwa hiyo elfu tano, nitamwambia mwenyewe akitulia," nikasema sawa, nikakata, nikakata kwa sababu oili ilikuwa jichoni na mwenye lori alikuwa ananihimiza, akiba gani, sikujiuliza akiba gani, mkanda ukilowa unalia, kila fundi anajua, unalia ukilowa na unanyamaza ukikauka, hakuna kilichokuwa kimekufa, yule mshenzi wa barabarani alifungua akaona kifaa kipya kinang'aa, akafungua boksi akaona maiti, akaelewa yote kwa mara moja, akafunga maiti akaondoka na kilicho hai, na dada yangu akamshukuru, akamlipa, na mimi nikamwambia umefanya vizuri... siku kumi na mbili mkanda ule ulizunguka juu ya beringi iliyooza, kila Jumatatu, kila Jumatano, kila Ijumaa, naye nyuma, na ningeuliza neno moja, boksi lipi, maneno mawili, ningetoka chini ya lori, ningepanda pikipiki, nisingefika hapa...

dada alijifunza kwangu, hilo ndilo linalonichoma, alikuwa na miaka saba mimi kumi na nne, kwenye ua wa nyuma naibomoa pampu ya maji ya jirani bila ruhusa, yeye ndiye anashika taa, hakuchoka kushika taa, mbu wanamla hasogei, namwambia kumi, ananipa spana ya kumi, namwambia kumi na mbili, ananipa kumi na mbili, bila kuangalia namba, anapapasa mdomo wa spana kwa kidole, mama akitoka na mwiko yeye ndiye anasema ni mimi mama, mimi ndiye niliyemwambia afungue, na kipigo kinagawanyika kati yetu kama mkate, mtu huyo ndiye aliyesema hunidanganyi mimi nimekua na fundi, na boksi alilolitoa lilikuwa na uzi wangu, fundo langu, kwake fundo langu lilitosha, angelifungua kwa nini, na mimi na ujanja wangu wa ushahidi, kifaa kilichokufa ndani ya boksi la kilicho hai, miaka kumi na tisa nawapa watu maiti ndani ya nguo za arusi na kujisifu kwamba mimi ni mkweli, sikuandika hata neno moja juu yake, kalamu ninayo, ipo sikioni sasa hivi...

"Umenyamaza," anasema shemeji, "sasa umenyamaza," na amekaribia, nanusa jasho lake, hajalala huyu mtu, macho yamemtumbukia, "Basi sema tu ilikuwa bahati mbaya, shemeji, sema ulikosa mpya ukaona utie ya zamani kwa siku mbili tatu ukasahau, mimi ni mtu mzima nitaelewa, lakini usiniulize nani kagusa, usitafute mtu wa kumtwisha," na hapo ndipo palipo na mtego, kwa sababu mtu wa kumtwisha yupo, yupo hatua nne kutoka hapa amevaa viatu vya huyu anayesema, neno langu moja tu, sentensi moja, dada ndiye aliyelitoa boksi, na mimi natoka hapa mweupe, Fundi Ushahidi, benchi litasema ahaa, mchomeaji atawasha moto wake, na yeye atabaki nyuma ya gari lililokufa kwa mkono wake mwenyewe na mwanamume aliyelichoma ili amfikishe, mwanamume huyuhuyu ambaye mwezi uliopita alinivuta pembeni, yeye aliniita pembeni, ndiyo, mimi aliniita pembeni, akasema, "Shemeji, mimi simfukuzi, elewa, lakini nguvu zimeniisha, kwenu hamna hata chumba? Hata wiki moja moja?" na mimi nina chumba kimoja chenye betri nne na kitanda kinachonuka dizeli, nikamkaripia, nikamwambia mke harudishwi kama kifaa, akalia, mtu mzima akalia amesimama, akafuta uso kwa mkono wa shati akarudi ndani akampikia uji, si mtu mbaya, ndiyo maana siwezi hata kumchukia, mtu mbaya ungempa ukweli wake akafanye anavyotaka, lakini mtu mwema aliyechoka ukimpa sababu moja tu ndogo ya kuweka mzigo chini atauweka, atalia tena, na atauweka...

na nikisema nini badala yake, nikisema ndiyo nilikuwekea kuukuu, basi, ni rahisi, maneno matatu, na kesho benchi hili halina mtu, kesho kutwa muuza spea hanipi mali kwa ahadi ya mdomo, na miaka kumi na tisa inakunjwa kama gazeti, watasema tulijua, watasema ukiona mtu anatangaza ukweli kila siku ujue, mchomeaji atatunga wimbo, namjua, atauimba akichomea mageti, na pesa zenyewe sina, nina elfu kumi na moja na jeki kubwa na pampu ya upepo, pampu ya upepo bila yake si gereji tena, ni kivuli cha mabati, na hata nikiuza vyote injini hairudi, safari kumi na sita, halafu ya kumi na saba, halafu nini, hakuna njia hapa inayotokea mahali, nazigeuza kama funguo na hakuna inayoingia, nikisema namuua yeye kidogo, nisiposema najiua mimi kidogo, na maji yatapanda vilevile, Ijumaa au Jumatatu, maji hayaulizi nani alikosea...

nimeinua macho, sikutaka kuinua, na ananiangalia, dada ananiangalia, uso umemvimba macho yamekuwa madogo lakini ni yale, na hayaulizi kitu, mtu asiyejua angeuliza, angesema kaka kwani nini, mtu asiyejua angesema si nilikupigia simu, lakini kinywa amekifunga na vidole vya mkono wa kulia amevikaza juu ya ule mshipa wa kushoto, kana kwamba anauzuia usisikike, na mimi naelewa, anajua, alijua tangu fundi wa kuvuta aliposema tensheni kuukuu, alijumlisha palepale kama alivyokuwa anapapasa spana, amekaa kwenye hicho kiti kutoka getini mwa hospitali mpaka hapa, akiangalia kamba, anajua, na amenyamaza, na amemwacha mume wake aniite mimi haya anayoniita, dada yangu, aliyekuwa anasema ni mimi mama mimi ndiye niliyemwambia, na nangoja hasira ije, hasira yangu haijawahi kuchelewa, nangoja na haiji, kilichokuja ni kitu kizito na baridi kama injini inaposhushwa kwa mnyororo, kwa sababu nimeona anaogopa, si kufa, kufa amekwisha kukuzoea, anaogopa kurudishwa, na amenipima kwa macho hayo madogo akaona mimi nitabeba, hakuniomba, amenihesabu tu, kama unavyohesabu ukuta utakuwepo unapoegemea, na mimi hapa na puli mkononi, upande wenye mkwaruzo umeelekea nje, yeyote anaweza kuuona, nimeigeuza, taratibu, kama mtu anayetafuta ilipopasuka, nimeigeuza upande wenye mkwaruzo ukawa ndani ya kiganja changu na nimeukaza, na unga mwekundu wa beringi unanitoka katikati ya vidole...

"Nimemaliza kuongea," anasema shemeji, na kweli sauti imemwisha, imebaki ya chini, ya kawaida, ya mtu anayeagiza soda, "Na hata usifikiri nakudai mimi. Zile pesa zilikuwa za cherehani yake, aliiuza mwenyewe, akasema nimpe kaka atengeneze gari vizuri. Mimi sikudai hata senti. Mlipe dada yako."